Kurasa Zilizobaki Carama

Shule yetu ya usiku ilianza saa tisa na nusu alasiri. Usicheke. Bujumbura ya wakati ule ilikuwa na kuvrefe, amri ya kila mtu kuwa ndani giza likiingia, na hakuna mwalimu wa sheria, hata awe na diploma za kujaza toroli, aliyeweza kubishana na askari wa kizuizini. Basi sisi wanafunzi wa usiku tulisoma jua likituunguza kisogo, katika madarasa ya kuazima ya shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na kiwanda cha sabuni. Sidhani kama Afrika nzima kuna mwanasheria mwenye mapafu safi kunishinda.

Asubuhi nilikuwa dekralanti bandarini, mtu wa kujaza makaratasi ya forodha. Lakini nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, mizigo ya Kigoma ikaadimika, hata kunguru wa gatini wakahamia kwenye riziki zaidi. Ofisi yangu ilibaki na kiti, muhuri na ziwa la kutazama. Ndipo nikasema, ngoja nisome sheria, nitoke humu na kitu.

Somo la mikataba likanishika koo. Nilianguka mara ya kwanza. Mara ya pili nikaanguka kwa kishindo kilichosikika mpaka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Sehemu iliyoniangusha mara zote mbili ilikuwa ileile, ridhaa: mtu anakubali vipi, na kukubali kwake kunaharibika vipi. Mwaka wa kwanza ilifundishwa siku ambazo vijana walifunga barabara kwa mawe na mji mzima ukajifungia. Mwaka wa pili ilifundishwa nikiwa kitandani na malaria. Na kanuni ya shule haikuwa na mchezo: anayeanguka mara ya tatu, au asiyetokea siku ya mtihani, anafutwa na harudi tena. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mke, watoto wawili na bandari isiyo na meli. Kama ningefutwa, sikuwa na pengine pa kushika. Hapo sijatia chumvi.

Silabusi, yaani kitabu cha maelezo ya somo zima, ilikuwa moja kwa watu watatu, maana wino wa mashine za fotokopi nao ulikuwa umekwama mpakani. Mmoja wetu alikuwa karani wa benki, mtu mpole aliyepiga pasi hata soksi. Mwingine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeishi Carama, kaskazini kabisa ya mji. Tulimwita Madamu, kama wanafunzi wake walivyomwita. Naye, kama mimi, alikuwa kwenye mara yake ya tatu. Madamu ndiye aliyeichana silabusi kwa wembe, vipande vitatu, akavishona kwa uzi mweusi. Kila Jumamosi tulikutana mbele ya lango la shule na kubadilishana. Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani, kipande cha ridhaa kingetoka kwa Madamu kije kwangu, nikisome na karani.

Jumatano, mizinga ikaanza upande wa kaskazini.

Jumamosi tulisimama langoni, mimi na karani, kutoka saa mbili mpaka jua likawa utosini. Madamu hakutokea.

"Atakuja," nikasema. "Yule ni Madamu. Hata mizinga anaweza kuiambia ipange mustari."

Karani hakucheka. "Mutihani ni Jumatatu," akasema.

Jumapili asubuhi nikaenda mwenyewe. Baiskeli ilinifikisha mpaka kwenye kizuizi, na pale nikaona watu wanatoka: magodoro kichwani, mbuzi, masufuria bado yana maharage. Wote walikuja upande wangu. Kwenda kule nilikuwa mimi peke yangu. Askari mmoja akanisimamisha.

"We, unaenda wapi?"

"Carama, chef," nikamwita kama mkubwa wangu. "Kuko makaratasi yangu kule."

"Makaratasi gani?"

"Ya mikataba."

Akamgeukia mwenziwe. "Sikia huyu! Watu wanakimbia, yeye anaenda kununua nyumba zao."

"Apana, chef! Ni ya mutihani. Mi ni mwanafunzi."

"Na huo upara?" Wakacheka wote wawili, kisha yule wa kwanza akaacha kucheka. "Rudi kwenu, muzee, kabla sijakupatia mutihani wangu. Huu wangu hauna mara ya pili."

Nikamuuliza mama mmoja aliyebeba godoro kama anamjua Madamu wa shule ya msingi. Anamjua, amemfundishia watoto. Ameonekana? Akatikisa kichwa. "Kule juu nyumba zimeungua, baba. Mi sijaangalia nyuma."

Nikarudi mtaani kwetu Buyenzi nikiisukuma ile baiskeli. Na niseme ukweli ulivyo: nilikuwa nikimuombea Madamu, na katika dua ileile, pumzi ileile, nikaziombea na kurasa.

Mjomba wangu aliuza vipuri vya baiskeli na hakuwahi kuona kitabu cha sheria, ila alikuwa shahidi wa kila nyumba, gari na cherehani iliyouzwa mtaani kwa miaka arobaini. Nikamwendea na daftari, nimekata tamaa kiasi cha kumsomesha sheria mtu wa minyororo na pedali.

"Mjomba, mutu akiuza kitu, inahesabika ameuza saa ngapi?"

"Saa soda inafunguliwa," akajibu bila kuinua macho kwenye gurudumu lake.

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mnapatana. Mnaita watu wawili. Muuzaji anaketi nao, mnunuzi analeta soda. Wenzetu Wakristo wanaleta bia ya ndizi. Wakishakunywa, imeisha. Hata ukisaini karatasi mia, wasipokunywa, bado ni maneno. "Wallahi, hakuna mutu Buyenzi atakayekubishia."

Nikaandika kurasa sita. Nikazihifadhi kama sura ya Kurani. Nikamsomea karani, naye, kwa kukosa kingine cha kushika, akanakili kila neno kwa mwandiko wake wa benki.

Jumatatu asubuhi tukapanga foleni. Mtihani ulikuwa wa kusema, kwa Kifaransa. Hapa nayatoa maneno jinsi yalivyonibaki. Profesa wetu alikuwa kamtu kadogo ambako mbele yake nimeona wanaume wa kilo mia wakisahau majina ya mama zao. Akaita kwa orodha. Alipofika kwa Madamu aliita mara tatu, akasubiri, akaandika kitu. Kisha akaniita mimi.

Nikaokota kikaratasi mezani. Mauzo yanakamilika lini kati ya muuzaji na mnunuzi?

"Profesa, wakati mashahidi wanapofungua soda."

Akavua miwani. "Rudia."

Nikarudia, na nikaongeza bia ya ndizi, ili asidhani nasahau dini ya wenzangu.

"Kitabu cha sheria kinasema yanakamilika pande mbili zinapokubaliana juu ya kitu na bei," akasema polepole. "Soda hakuna humo. Sasa niambie. Mwaka huu mzima sukari imekuwa ya kutafuta kwa tochi. Watu wa mitaa ya kaskazini wameuza nyumba zao wakikimbia, bila soda, bila bia. Kwa hesabu yako hawajauza?"

Hapo nilikuwa nimekwisha. Ila shangazi yangu alikuwa na nyumba ya matofali Kinama, mtaa mmojawapo wa kaskazini. Aliiuza adhuhuri moja kwa bei ya baiskeli na gunia la mchele, akasaini hali mume wake yuko barabarani na mizigo anamwita. Midomo yangu ikasema kabla kichwa hakijairuhusu.

"Hawajauza, Profesa. Wameogopa tu."

Nje mtu alikuwa anaburuta dawati.

"Hofu," akasema. "Umefika mahali. Sheria inaijua hofu ya namna hiyo. Taja masharti yake."

Masharti! Masharti yalikuwa Carama, yameshonwa kwa uzi mweusi. Nikatazama dari, nikatazama viatu vyangu. Jasho lilinitoka, ungeweza kuoga nalo na sabuni ya jirani.

"Sijui, Profesa. Kurasa za sehemu hiyo anazo mwenzangu, na hajulikani aliko."

"Basi swali la mwisho. Huyo aliyeuza kwa hofu anapewa muda wa kwenda mahakamani kudai nyumba yake. Muda unaanza kuhesabiwa siku gani? Siku aliyosaini?"

Nikamfikiria shangazi, anadai nyumba kwa watu walewale anaowakimbia. "Haiwezekani iwe siku ile. Labda siku hofu itakapokwisha."

"Lini hiyo?"

"Sijui, Profesa. Hakuna anayejua."

Akavaa miwani, akaandika. Aliponionesha karatasi niliisoma mara nne. Kumi juu ya ishirini. Ndiyo alama ya mwisho ya kupita. Chini yake ni shimo. Nikatoka, nikamkumbatia karani mpaka shati lake la pasi likakunjamana, nikamwambia nimepata kumi na nane. "Ila achana na soda!" nikamnong'oneza. "Kitu na bei, kitu na bei!" Naye akapita.

Madamu alitokea wiki ya pili, mzima, na watoto wake watatu. Walikuwa wamejificha siku tisa kwenye shamba la mihogo. Nyumba haikuwako tena. Jina lake lilikuwa limeshafutwa.

Nikamwandikia barua ya rufaa. Kurasa nne, barua yangu ya kwanza ya kisheria. Nilijenga hoja kwamba kujiandikisha shuleni ni mkataba, na kwamba mtu aliyezuiwa na nguvu asiyoweza kuizuia hawezi kuhesabiwa amevunja mkataba. Mpaka leo nadhani ni barua bora iliyowahi kuandikwa mashariki ya Kongo na magharibi ya Tanzania. Tukaipeleka pamoja kwenye dirisha la sekretariati ya shule. Siku tano baadaye tukasimama tena kwenye dirisha lile, karani wa dirishani akatupatia jibu la mstari mmoja: kanuni haina sharti la vita.

Madamu alilikunja jibu mara mbili. Hakulia. Akaniuliza swali langu la mtihani lilikuwa lipi, nikamwambia, mpaka la masharti.

Akaanza kujibu. Amesimama palepale juani, mikono nyuma, kwa Kifaransa chake cha ubao na chaki: hofu iwe ya kuweza kumtikisa mtu mwenye akili timamu, itazamwe kwa umri wake na hali yake, haijalishi kama imeletwa na mnunuzi au na mtu mwingine, inatosha hata kama aliyetishwa ni mume au mtoto, na muda hauhesabiwi mpaka siku hofu inapokoma. Hakuruka hata moja. Watu wa foleni wakageuka, wakamsikiliza mpaka mwisho.

Karani wa dirishani akasubiri amalize. Kisha akaita, "Anayefuata!"