Miaka Mitatu ya Déo kwa Hesabu ya Jirani

Munyakazi anasema alipohukumiwa miaka miwili pale Mbarara mbuzi wake alikuwa na mimba, na aliporudi kambini Juru alimkuta mbuzi yule bado ananyonyesha. Jela, anasema, mchana ni siku na usiku ni siku. Ukilala unahesabiwa, ukiamka unahesabiwa.

"Banahesabu na usiku," anaeleza mzee huyu, mkimbizi kutoka Kivu Kusini. "Miaka tatu ya Déo ni mwaka na nusu. Toa tena ile banapunguza kama unatulia, inabakia mwaka moja."

Anayasema hayo akiwa ameketi kwenye kibao, akingoja baiskeli yake izibwe pancha. Anayeiziba ni Marcienne, mke wa Déo huyo huyo. Amepiga magoti, ameizamisha tyubu kwenye karai la maji, anatafuta mapovu. Hesabu hiyo ameisikia hadi ameichoka.

Marcienne, mzaliwa wa Burundi, hakuwa fundi. Fundi alikuwa mumewe. Déo alinunua fremu kwa mtu asiyemjua, fremu ikawa ya wizi, naye akafungwa miaka mitatu. Wateja wakaja kudai baiskeli zao zikiwa bado vipandevipande. Marcienne akazifunga mwenyewe, nyingine akikosea na kuzifungua upya.

"Hakuna mtu alinifundisha," anasema. "Ni baiskeli za watu ndizo zilinifundisha, na matusi yao."

Leo anaziba pancha kwa shilingi elfu moja, na spoku za magurudumu anazipanga bila kuuliza mtu. Kinachomnyima usingizi si kazi. Ni binti yake, Aurore, aliyechumbiwa na Ntwari, kijana wa Rwekubo. Déo alisisitiza kwamba mahari ya binti yake ataipokea kwa mikono yake mwenyewe. Wakwe wakakubali kumngoja. Waliuliza jambo moja tu: anatoka lini?

Marcienne akaenda kumuuliza jirani aliyewahi kufungwa.

Basi siku ikapangwa kwa hesabu ya Munyakazi. Mwaka ulipotimia wakwe walifika na nguo zao za kanisani, ndizi zikachemshwa, pombe ikamiminwa. Déo hakutokea. Watu wakala, wakaaga.

Ndipo Marcienne akapanda gari hadi Mbarara, akamuuliza askari wa gereza.

"Mama, siku ni moja," askari alimwambia. "Usiku iko ndani ya siku. Miaka tatu, kama anakaa vizuri tunatoa moja, anabaki na mbili. Basi."

Wanaoonekana kutoka upesi, akaongeza, mara nyingi ni wale waliokaa mahabusu muda mrefu kabla ya hukumu, maana muda huo nao hupunguzwa.

Aliporudi Juru alimkabili Munyakazi. Je, alikaa mahabusu? Alikaa, karibu mwaka mzima. Mbona hakusema?

"Ile haikukuwa kufungwa, Mama Aurore," alijibu mzee. "Ile ilikuwa kungoja."

Wakwe walikubali tarehe nyingine, miaka miwili itakapotimia. Safari hii Marcienne alikwenda mwenyewe kumpokea mumewe, shati lake lililopigwa pasi likiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Langoni akaambiwa arudi nalo.

Kumbe ule mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha, Marcienne alikuwa amempelekea Déo habari njema kwamba siku zake zimetimia. Déo akaziamini. Asubuhi ilipofika, wenzake wakatoka na majembe kwenda shamba la gereza, yeye akaketi chini, akasema amemaliza. Akaamriwa asimame, akagoma. Kesho yake akagoma tena. Kwa ukaidi huo akanyang'anywa sehemu ya punguzo lake, na kwa aibu hakumwambia mkewe. Sasa hatoki mpaka mahindi yakauke mashambani.

"Hiyo miezi aliyoongezewa nilimpelekea mimi, kwa mkono wangu, kama mtu anayepeleka sabuni," anasema Marcienne, akisugua tyubu kwa msasa zaidi ya inavyohitaji.

Wakwe wamechoka. Mama yake Ntwari hakuuma maneno: "Mara ya kwanza tulikula ndizi bila mwenye nyumba. Mara ya pili hata ndizi hatukuona. Huyo mume yuko jela, au alikukimbia?"

Jumapili hii wataamua kama watangoja tena au watamtafutia kijana wao mke kwingine. Aurore hali vizuri. Sahani zake zinarudi jikoni zimejaa.

Marcienne anataka kwenda Rwekubo kabla hawajaamua. Anatumaini kuwa mahindi yakikauka Déo ataketi kwenye kiti chake, na mwanawe ataolewa mbele ya baba yake.

Anabandika kiraka, anarudisha tairi, anajaza upepo. Kisha anasimama.

"Papa Munyakazi, Jumapili twende wote Rwekubo. Useme mbele yao kwamba ile hesabu ilitoka kwako. Mimi hawaniamini tena. Wewe ulifungwa, watakusikia."

Munyakazi anabonyeza tairi kwa kidole gumba. Ni gumu. Anauliza kama breki nayo imeangaliwa.

"Breki nimeiangalia. Nimekuuliza Jumapili."

Mzee anainama, anazungusha pedali kinyumenyume, anausikiliza mnyororo.