Jinsi Nilivyommwagia Maji Mchumba wa Mwanangu Nikidhani ni Roboti

Nawasimulia mwenyewe kabla wifi yangu Anonsiata hajaniwahi, maana ndiye aliyenitia kwenye aibu hii. Alinipeleka kwenye kibanda cha video cha Zabroni, hapa Kasulu, tukaona filamu ya binti roboti anayeingia nyumba za watu na kuwamaliza. Zabroni, anayetafsiri kwa kipaza sauti, akasema wapo kweli na dawa yao ni maji. Mwongo yule.

Kesho yake asubuhi mwanangu Eliya akamleta mchumba wake nimwone, wa kwanza tangu azaliwe. Eliya akabaki nje na pikipiki. Binti alikuwa ameinama mlangoni akivua viatu, nikapiga makofi yetu ya salamu, nikamwamkia kwa lugha yetu, "Mwakeye." Kimya. Akaingia, akatoa kidude nyuma ya sikio, akakichomeka kwenye chaji, akakaa ananitazama mdomo.

Mimi niliyekimbia vita Burundi na huyu Eliya mgongoni, nikajificha nyuma ya Anonsiata.

"Si ndiye yule wa kwenye filamu," Anonsiata akaninong'oneza. "Mmwagie."

Nikammwagia ndoo nzima.

Eliya akaja mbio. "Mama, huyu hasikii vizuri. Hicho ni kifaa chake cha kusikilizia."

Binti akajifuta uso, akakirudisha kifaa sikioni. Nikajua anaondoka, na mwanangu nyuma yake. Kumbe akapiga goti pale pale kwenye maji yangu, akapiga makofi taratibu, kama tulivyofundishwa na mama zetu.

"Mwakeye, mama."

Nikataka kumwitikia kwa makofi nami. Mikono yote miwili ilikuwa bado imeshika ndoo.