Kandambili za Mama Kwenye Barua ya Kampuni

Saa mbili kasoro asubuhi, kabla kiti hakijapata joto, mwanamke huyu ameshavua viatu chini ya meza na anasoma barua pepe ya kwanza kwa sauti ya chini. Mteja amekatiwa maji ilhali risiti anayo mkononi. Ameandika kwa herufi kubwa tupu, mwanzo mpaka mwisho.

"Una haki, baba," anaiambia kompyuta. "Piga kelele, una haki kabisa."

Anabonyeza nukta, anaandika neno "pole", na aya nzima inamwagika kwenye kioo: pole kwa usumbufu, saa za ofisi, namba ya dharura. Anaitazama, anafuta nusu yake, kisha anaandika mwenyewe kwamba fundi wa mtaa huo ameshaarifiwa na kwamba kosa ni la kampuni. Ndipo anatuma.

Wenzake wanamwita Dada Pole. Yeye naye ameomba makala haya yamwite hivyo hivyo. "Wanaonijua watanijua," anasema, "na wasionijua, jina langu la nini kwao?"

Anafanya kazi kwenye idara ya huduma kwa wateja ya kampuni binafsi inayosambaza maji. Ni chumba kirefu cha ghorofa ya tatu chenye meza zilizobanana, feni inayozunguka kwa kusitasita, na chupa ya chai ambayo haifungi vizuri. Kila mmoja anatakiwa kutoa majibu mia moja na ishirini kwa zamu. Dada Pole ana bandeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na akiulizwa anaificha chini ya meza.

Programu wanayotumia kutunza majibu yaliyoandaliwa wameibatiza Kasuku. Kwa miaka mingi Kasuku alikuwa mtiifu: unampa neno, anakupa aya. Dada Pole hana ugomvi na Kasuku yule wa zamani.

"Nilikuwa nampenda," anasema. "Namna ya kusoma mita, mahali pa kulipia, hayo nani atayaandika upya kila mara? Vidole vyenyewe hivi viwili vitatu. Alikuwa ananisaidia, kisha ananyamaza."

Mwaka huu Kasuku ameletewa mambo mapya. Wafanyakazi waliitwa ukumbini, wakapewa biskuti, na mtaalamu mmoja mwenye tabasamu la kudumu akawaonyesha. Jambo la kwanza, Kasuku sasa anajaza mwenyewe jina la mteja kwa kulichota kwenye akaunti. La pili, anasoma barua na kuchagua jibu, mfanyakazi akabaki na kazi ya kubonyeza kitufe cha kijani. La tatu linaitwa Joto. Ukiliwasha, Kasuku anachomeka katikati ya jibu sentensi moja au mbili "zenye ubinadamu".

Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza ubinadamu huo unatoka wapi, na pengine biskuti zilikuwa tamu. Ulikuwa unatoka kwenye majibu yao wenyewe ya zamani, yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye mashine za kampuni bila wao kuambiwa.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwenye mwaka ambao Dada Pole alimzika mama yake. Alipomaliza likizo ya msiba na kurudi kazini, moja ya barua alizozikuta ilikuwa ya mteja aliyefiwa na mama, akiuliza namna ya kubadilisha jina kwenye ankara ya maji. Dada Pole alianza jibu la kawaida, akaishia njiani. Kisha akaandika hivi:

"Pole sana. Nami nimemzika mama yangu mwaka huu. Kandambili zake za bluu, zenye kamba iliyoshonwa kwa uzi mweupe, bado ziko mlangoni, na hakuna kati yetu mwenye moyo wa kuzitoa. Usijikaze kufanya haraka. Jina tutalibadilisha ukiwa tayari."

"Niliandika mara moja," anasema, na kidole chake kinagonga meza. "Mara moja! Kwa mtu mmoja! Nililia kidogo, nikatuma, nikaenda kunywa chai. Nilijua yamekwisha hapo."

Baba yake ni fundi saa aliyestaafu, mzee nadhifu anayeandika kwenye simu kwa kidole kimoja na kusahihisha kila neno. Mtu wa kubembelezwa si yeye. Ankara ya maji ya nyumbani kwake ilikuwa bado inakuja kwa jina la marehemu mkewe, na kila mwezi alikuwa anaiweka juu ya kabati akisema atashughulikia kesho. Majuzi alipiga moyo konde, akaandikia kampuni. Hakumwambia binti yake.

"Sikutaka upendeleo," anaeleza. "Nilitaka kuhudumiwa kama mteja mwingine."

Akahudumiwa kama mteja mwingine. Jibu lilifika hata hajavua miwani. Lilianza na pole, likafuata lile la kumzika mama mwaka huu, zikafuata kandambili za bluu. Chini yake kulikuwa na jina la mwanamume asiyemfahamu. Mzee akasoma mara ya pili, akaenda mlangoni, akaziangalia, akarudi kukaa. Kisha akapiga simu kazini kwa binti yake.

"Ofisini kwenu kuna kijana gani anayemlilia mke wangu?"

"Shikamoo, baba. Kijana gani tena?"

"Marahaba. Huyu hapa ameniandikia. Anasema amemzika mama yake, halafu anataja kandambili za bluu. Anataja na uzi mweupe! Ule uzi nimeushona mimi, kwa sindano yangu ya kushonea mikanda ya saa. Sasa niambie, mwanangu, huyu aliingia nyumbani kwangu lini?"

Dada Pole akamwomba amsomee jina lililo chini ya barua. Jina alilosomewa lilikuwa la kijana wa kiti cha pili kutoka kwake, ambaye kwa wepesi wake wa kubonyeza wanamwita Chapuchapu. Wakati huo alikuwa anamenya karanga.

"We, mama yako amefariki?" akamuuliza.

"Mama? Aka! Leo asubuhi tu kanigombeza, ati nimeacha taa ya bafuni inawaka."

Walifungua pamoja kisanduku cha barua zilizotumwa. Kandambili zilikuwa zimekwenda kwa kila mteja aliyetaja msiba, kwa majina ya wafanyakazi wote, mpaka jina la msimamizi na la meneja wa idara. Idara nzima ilikuwa imefiwa na mama mmoja, na mama huyo ni wa mtu.

Anayedhani hili ni jambo dogo ajaribu kujiweka kwenye kiti cha mmoja wa wateja hao. Umefiwa. Mgeni kutoka kampuni ya maji anakufungulia moyo, nawe unafarijika kwamba huko nako kuna mtu. Kumbe hakuna mtu. Kuna kijana anayemenya karanga na kitufe cha kijani. Huo ni utapeli, hata kama hakuna aliyeibiwa hata senti, na aliyeubuni alikuwa anajua anachofanya.

Dada Pole alikwenda kwa msimamizi akaomba sentensi hiyo ifutwe. Hakuomba kingine. Msimamizi alimkaribisha kiti, akamwonyesha mchoro wenye nyota za wateja.

"Jibu hili ndilo linalopendwa kuliko yote," alimwambia. "Wewe ungejivunia, dada."

"Nijivunie mama kufa?"

"Usilichukulie hivyo. Kilichoandikwa kwenye kompyuta ya kampuni ni cha kampuni. Ulitia saini mkataba."

"Kompyuta ni ya kampuni, sawa. Na mama?"

Msimamizi alifikiri, kisha akatoa suluhisho lake. Alisema kama bluu inamuumiza, wanaweza kubadilisha rangi, waweke kijani. Alilisema hilo macho makavu, mtu mzima mwenye watoto. Dada Pole aliinuka akaondoka bila kuaga, jambo ambalo wenzake wanasema hawajapata kuliona.

Mzee naye hakukaa kimya. Alirudi kwenye simu yake, akaandika kwa kidole kimoja: "Kandambili hizo ni zangu. Naomba mzirudishe."

Jibu lilikuja papo hapo. Kwa kuwa Kasuku huchota jina kwenye akaunti, na akaunti ilikuwa bado ya mama, lilianza kwa kumsalimu marehemu kwa jina lake kamili na kumwambia kampuni imefurahi kusikia kutoka kwake. Likaendelea kwamba maombi ya kurudishiwa vifaa hushughulikiwa ndani ya siku saba za kazi, na kwamba aambatishe picha ya mita inayosomeka vizuri.

"Nilicheka," anasema mzee. "Nilicheka peke yangu humu ndani mpaka nikaona haya."

Meneja wa huduma kwa wateja, alipopigiwa simu na mwandishi, alisema programu hiyo imepunguza foleni na wateja wanaridhika. Alipoulizwa kama anajua kwamba naye, kwa mujibu wa barua za kampuni yake, amemzika mama mwenye kandambili za bluu, alisema ameitwa kwenye mkutano.

Chapuchapu hana raha siku hizi. "Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza," anakiri. "Kitufe kikiwa kijani, nabonyeza, wala sisomi. Mama nimemsimulia. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akaniuliza, 'Kwa hiyo mimi umenizika mara ngapi?'"

Ni yeye aliyetangulia kutia saini ombi ambalo Dada Pole amelipitisha meza kwa meza. Ombi lina mambo mawili: mfanyakazi awe na uwezo wa kuyaondoa maneno yake kwenye Kasuku, na barua za msiba zijibiwe na mtu. Karibu idara nzima imetia saini, ila wawili ambao mikataba yao iko ukingoni. Hata mkataba wa Dada Pole unaisha mwezi ujao, na msimamizi ameshadokeza kwamba kampuni inapenda watu "wanaokwenda na wakati". Nyumbani ana mtoto anayesoma, na baba naye anamtazama yeye.

"Naogopa, kwa nini nikudanganye?" anasema. "Lakini nikinyamaza, kesho watachota lipi? Nimewaandikia watu mengi humo."

Jioni, baada ya zamu, anampitisha mwandishi nyumbani kwa baba yake. Ni nyumba ndogo yenye varanda ya saruji na meza ya fundi dirishani, ingawa saa zilizobaki juu yake ni za mzee mwenyewe. Ankara ya maji iko juu ya kabati. Dada Pole angeweza kubadilisha jina hilo kwa mkono wake, lakini mzee amekataa katakata.

"Libaki hivyo hivyo," anasema, "mpaka siku nitakapoandikiwa na mtu."

Kando ya mlango, sakafu ina alama mbili za weupe, mahali ambapo vumbi halikufika kwa muda mrefu. Kandambili hazipo. Dada Pole anaziona alama hizo, anasimama.

"Baba, umezitoa?"

"Nimeziingiza ndani," mzee anajibu bila kumtazama. "Watu wengi mno wameshaziangalia."

Dada Pole anavua viatu vyake, anaviweka mbali na zile alama, upande wa pili wa mlango.

"Usizifungie mbali, baba," anamwambia. "Siku watakayoifuta ile sentensi, nitakuja kuzirudisha hapa mwenyewe."