Kitufe cha Makutupora

Binti aliyeletwa ofisini kwetu kujifunza kazi ya tovuti alitokea Kondoa, chuo kamalizia hapa hapa Dodoma, na siku ya kwanza alinipa shikamoo. Nikajua nimezeeka. Kwenye kazi hii miaka kumi na tano inatosha kukufanya babu.

Wiki hiyo hiyo akaniuliza, "Kaka, nijifunze jQuery? Chuoni walituambia imepitwa na wakati."

jQuery ni maktaba ya zamani, mistari ya programu iliyoandikwa na wengine ili sisi tuandike kidogo. Nusu ya tovuti nilizowahi kutengeneza zinaitegemea. Kumfundisha kungechukua siku mbili tatu, na mimi nilikuwa nimechoka, uchovu ule ambao hata likizo haiutoi.

"Achana nayo," nikamwambia. "Soma vitu vya sasa."

Alifurahi. Na mimi nikajiona mtu wa kisasa.

Baadaye nikampa tovuti ya wakulima wa zabibu wa Makutupora aifanyie usafi. Mkulima huingia kwa simu jioni, anabonyeza kitufe kuomba lori, na alfajiri anakata zabibu zake. Binti akaandika ukurasa mpya wa mbele, mzuri kuliko wangu, akaujaribu, ukakubali. Kisha akauona mstari unaoiita ile maktaba, akaufuta. Kwa alichofundishwa, ulikuwa takataka. Hakujua kwamba kitufe cha lori, kilichobaki kwenye ukurasa wa ndani wa zamani, hakifanyi kitu bila mstari huo. Mkaguzi wa kazi yake nilikuwa mimi. Niliitupia jicho, nikasema sawa.

Wakulima wakabonyeza, kimya. Hakuna aliyetupigia. Huku kwetu kitu kisipofunguka basi ni mtandao, na ombi litafika lenyewe likijisikia. Alfajiri wakakata zabibu kama kawaida.

Saa nne asubuhi akanipigia mama mmoja mwenye shamba dogo kule. Mavuno yake yote ya msimu yalikuwa ndani ya makreti, kando ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lori silioni. Jana nimebonyeza mpaka kidole kikauma. Au ni simu yangu mbovu?"

"Ni mtandao, mama. Ulisumbua. Subiri kidogo."

Nilisema hivyo kabla hata sijafungua kompyuta. Jibu hilo huwa linanitoka lenyewe, kama chafya.

Binti alikuwa meza ya pili, amenisikia, na ukurasa ameshaufungua. "Kaka, siyo mtandao," akasema. "Kitufe kimekufa. Nimekiua mimi." Machozi yalikuwa yanamlenga.

Hasira zilinipanda, nikatafuta wa kumshushia nisimpate. Mstari niliurudisha kwa dakika moja. Kupata lori ndiko kulikosumbua, na katika kulihangaikia sikumpigia yule mama kumsahihishia. Nisijidanganye, niliona aibu pia. Lori lilimfikia saa tisa alasiri. Zabibu zilikuwa zimelegea na kuanza kutoa maji, na mnunuzi akazikataa zote.

Hapo ndipo nikampigia. Nikamweleza kwamba simu yake ni nzima, kosa ni letu, na la kwanza ni langu. Nikangoja anitukane. Ningeshukuru.

"Makosa yapo, mwanangu," akasema polepole. "Lakini asubuhi kwa nini uliniambia ni mtandao? Ungesema lori halina habari na mimi, ningewaita majirani tuzirudishe ndani, kwenye ubaridi. Nimekaa nazo juani kutwa nzima, nasubiri mtandao wako utulie."

Nilipoweka simu chini, binti alikuwa ameshasogeza kiti karibu na changu, daftari limefunguliwa, anasubiri nimfundishe jQuery.