Chungu cha Ikombe Kwenye Mto Yangtze

Tangu turudi watu wananiuliza China kukoje. Nasema, "Kuzuri," halafu naangalia viatu vyangu. Mwalimu wa jiografia alinitaka nisimame mbele ya darasa nieleze, nikamwambia tumbo linaniuma. Kwa hiyo nimeona bora niandike, maana daftari halinitazami usoni. Wenzangu wa shuleni pale Mbugani ambao mmekuwa mkinifuata mpaka dukani, someni hapa, msiniulize tena.

Tulikwenda kwa sababu ya Babu. Mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo, yuko Guangzhou mwaka wa tisa sasa. Kila mwaka anasema atarudi, na kila mwaka Babu anafagia kile chumba chake. Safari hii, badala ya kuja, alitukatia nafasi nne kwenye kundi la watalii. Kwanza tutembezwe, tushuke na mto kwa meli, halafu treni itufikishe kwake siku ya mwisho, ndipo naye atapata ruhusa kazini. Babu alisema hana haja ya kutazama nchi ya watu, ana haja ya kutazama mtoto wake. Lakini kama njia ya kumfikia inapita mtoni, basi na iwe mtoni.

Sasa hapa wenzangu ambao wazazi wenu wamehamia tu kikazi lazima niwaeleze jambo. Kwetu Bujonde, huku Kyela, mama hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, halitaji jina lake. Si ugomvi, ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, lakini Babu hajaacha na mama hajaacha. Babu akija upande wetu hukohoa mara tatu akiwa bado migombani, mama anazunguka nyuma ya nyumba, na chai ya Babu naipeleka mimi. Miaka kumi na minane wameishi hivyo, na sijawahi kusikia mmoja akimsema mwenzake vibaya.

Mpango ulikuwa baba awe katikati yao. Wiki moja kabla ya kuondoka akaanguka kutoka kwenye mchikichi, akavunjika mguu. Nilimkuta kitandani hospitalini, mguu juu. Alinishika mkono akaniambia Babu amekubali kwenda kwa sharti moja tu: wakikutana uso kwa uso na mama, safari imekwisha, atageuza siku hiyo hiyo. "Na akigeuza, hatamwona tena mdogo wangu," baba alisema. "Umri ule hausubiri. Sasa wewe ndiye ukuta." Mimi ambaye nikitumwa chumvi kwa jirani nasimama nje mpaka waniulize.

Siku ya kuondoka, gari la jirani lilitupeleka uwanja wa ndege. Babu alikaa mbele, shingo imesimama kama amemeza ufagio. Mama nyuma kabisa, kitenge kichwani, na mapajani chungu kidogo kilichofungwa kwenye khanga, kutoka Ikombe, ng'ambo ya ziwa wanakofinyanga vyungu. Kilikuwa zawadi ya baba mdogo. Babu ndiye aliyekwenda kukichukua kwa mtumbwi, lakini mikono yake inatetemeka, akaniambia nimpe mama akibebe. Hayo ndiyo mawasiliano yao yote kwa siku ile.

Tulibadilisha ndege mara mbili tukashukia Chongqing. Sijui niuelezeje. Ni mji uliopanda mlima, na juu ya mji kuna mji mwingine. Tuliingia kwenye jengo kwa mlango wa chini, tukapanda lifti mpaka juu, tukatoka, tukajikuta tena barabarani, magari yanapita. Nilirudi ndani kuhakikisha. Babu aliuliza sasa ardhi ni ipi.

Kundi letu lilikuwa watu ishirini hivi, wengi wafanyabiashara wa Dar na Tanga. Kiongozi wetu alikuwa dada wa Kichina aliyesomea Kiswahili chuoni, akatuambia tumwite Rehema. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, mpaka nikawa naogopa kufungua mdomo.

Chakula cha kwanza kikaleta balaa. Wenzetu wale wanakula meza ya duara, watu kumi kumi, na katikati kuna kioo kinachozunguka na vyakula juu yake. Rehema akaona familia yetu imeachana: Babu kasimama mlangoni, mama kajibanza nyuma ya nguzo. Akamshika mama mkono kwa upendo kabisa, akamvuta kwenye kiti kinachotazamana na cha Babu. Mama akadondosha kijiko makusudi, akainama kukitafuta, na hakuinuka tena mpaka nilipomwambia Rehema mama anaumwa. Babu naye alikuwa ameshageukia ukuta anasoma picha.

Baadaye Rehema aliniuliza kwa sauti ya chini kama wamegombana. Nilitakiwa kueleza. Maneno niliyapanga yote kichwani, halafu nikasema, "Ndiyo kidogo." Sijui kwa nini. Ilikuwa fupi.

Mama mmoja wa Tanga, Mama Zuhura, ndiye aliyenibana mpaka nikasema ukweli. Akacheka akapiga mapaja. "Sisi kwetu mkwe namwomba aninyooshee pilipili, nyie mnamkimbia kama mgambo!" Lakini tangu hapo akawa anakaa na mama meza nyingine, na mimi na Babu tukakaa yetu. Wali ulikuwa mwingi. Babu alinusa kwanza, akasema hauna harufu, mchele gani huu, ila akaumaliza.

Siku ya pili tukapanda meli. Ni kubwa, ina ghorofa tano, zulia jekundu, na wasichana wanaoinama mlangoni kila ukiingia. Mto wenyewe ni wa rangi ya chai ya maziwa na haunyamazi. Nimezoea Ziwa Nyasa, ambalo ukilitazama linabaki pale pale. Huu mto unaondoka huku unautazama. Milima inakaribiana pande zote mbili mpaka unadhani meli itakwama, halafu njia inafunguka, halafu inafungwa tena. Watu walipiga picha. Mimi nilikuwa na kazi ya kuchungulia kona.

Maana korido za meli ni nyembamba. Babu akawa anakohoa mara tatu kila kabla ya kukunja kona, kama nyumbani, mama anarudi chumbani. Ilifanya kazi vizuri kwa asubuhi moja. Mchana wahudumu wakamjia na barakoa, wakampeleka kwa daktari wa meli, akapimwa kifua, akapewa dawa chungu ya kunywa na maji moto. Rehema alimwomba kwa heshima sana asikohoe mbele za watu, wana hofu. Babu ni mtu wa kutii mwenye nyumba. Akaacha kukohoa.

Kwa hiyo sasa alikuwa anatembea kimya kimya. Jioni ile nusura wagongane kwenye ngazi. Nilijitupa katikati nikamkumbatia Babu bila sababu, akashangaa, mama akapita nyuma yangu. Nilihesabu siku zilizobaki kufika Guangzhou: tatu.

Asubuhi iliyofuata tulitia nanga tukapelekwa kupanda mlima wenye hekalu. Ngazi zake sikuzimaliza kuzihesabu. Babu alibebwa kwenye kiti cha mianzi na wanaume wawili, akawa anawaambia "ndaga fijo" kila hatua, asante sana ya kwetu, nao wakawa wanamjibu kwa Kichina. Mama alikuja wa mwisho, kama kawaida yake, awe nyuma asionekane, na chungu mgongoni kama mtoto. Alikataa kukiacha chumbani. Alisema meli ikizama, yeye atasema nini kwa wenyewe.

Kurudi ndiko nilikokosea. Meli pale gatini hazikai moja moja, zinapangwa ubavu kwa ubavu. Yetu ilikuwa ya tatu kutoka nchi kavu, kwa hiyo unapita ndani ya ya kwanza, unavuka daraja la bati, unapita ndani ya ya pili, ndipo unafika. Na zote tatu zina zulia jekundu na wasichana wanaoinama. Rehema alikuwa anatuharakisha na kibendera chake. Nilimtangulia Babu ili nikague kama korido iko wazi. Nilidhani yuko nyuma yangu. Nilipogeuka ndani ya meli yetu, nyuma yangu alikuwa Mama Zuhura na mfuko wa machungwa.

Rehema akahesabu: wanakosekana wawili. Honi ikalia, si ya kwetu, ya ile ya pili iliyokuwa inajiandaa kuchomoka katikati. Nilikimbia kurudi mlangoni, wahudumu wa upande wa pili wakiwa wameshashika kamba za daraja.

Niliwaona kupitia mlango wa kioo uliokuwa wazi. Babu alikuwa ameketi sebuleni mwa meli ile ya pili, mbele ya tangi la samaki, ametulia, mkongojo katikati ya magoti. Aliamini amefika. Nyuma yake, kama hatua sita, alisimama mama. Hakuna mtu mwingine pale wa lugha yetu. Nilitaka kuita, na sauti haikutoka. Nisamehewe, ndivyo nilivyo. Nilimwona mama ananitafuta kwa macho, na sikupunga hata mkono.

Mama akajifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Akafungua khanga, akaweka chungu kwenye meza ndogo, akageukia ukutani. Halafu akasema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo sikuijua kwamba anayo:

"Wewe chungu. Mwambie mwenye nyumba kwamba hii si meli yetu, na inaondoka. Mwambie mwanawe anamsubiri."

Babu hakugeuka. Samaki walizunguka kwenye tangi, naona walizunguka mara mbili. Nilikuwa nawaza tu: amesikia sauti yake, sasa imekwisha, atageuza, kile chumba atakifagia mpaka afe.

Babu akaweka mkongojo sakafuni.

"Chungu," alisema, "mwambie mkamwana wangu atangulie. Macho yangu yatakuwa chini. Nitafuata visigino vyake."

Mama akakichukua chungu akatangulia. Miaka yote amekuwa wa nyuma, sasa akawa wa mbele, anatembea polepole kama anabeba maji, na Babu nyuma yake ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Walivuka daraja. Wahudumu wakaachia kamba. Rehema alipiga makofi akasema, kwa furaha, kwamba wamepatana. Sikumsahihisha.

Sikula siku ile. Nilingoja Babu aniite aniambie tufungashe. Hakuniita. Mwisho nikamwendea mwenyewe nikamuuliza kama tunarudi nyumbani.

"Kwa nini turudi?" aliniuliza. "Mimi nimeongea na chungu."

Siku iliyofuata tulifika kwenye bwawa lao kubwa. Meli inaingizwa kwenye chumba cha zege, milango mikubwa inafungwa nyuma, maji yanapungua na ninyi mnashuka nayo, kisha milango ya mbele inafunguka mnaingia chumba kingine cha chini zaidi. Watu walipiga kelele wakidhani tunazama, na mimi nilikuwa mmoja wao. Chungu kilikuwa juu ya benchi. Upande huu ameketi Babu, upande ule mama, wamepeana migongo. Babu alikuwa anakieleza chungu kwamba hakuna cha ajabu, haya ni majaruba ya mpunga tu, unafungua maji ya jaruba la juu yaingie la chini, wamejenga kwa zege badala ya matope. Mama akakiambia chungu kwamba hata yeye alikuwa anawaza hivyo hivyo. Nilisimama pale na kazi yangu imeisha, sijui niende wapi.

Treni kutoka pale inakimbia mpaka mashamba yanakuwa mistari. Siku ya mwisho, stesheni ya Guangzhou, kwenye umati ambao Kyela nzima ingepotelea ndani yake, mwanaume mnene mwenye miwani alipiga magoti sakafuni mbele ya Babu. Sikumtambua. Babu alimshika masikio, akamgeuza uso huku na huku kama anayechagua tikiti, akasema, "Umekuwa mzee." Wakacheka, halafu hawakucheka. Mama alikuwa nyuma ya mashine ya soda. Alinipa chungu nikipeleke, baba mdogo akakinusa kabla hajakitazama.

Chungu kilibaki huko. Njiani kurudi mimi nikawa ukuta tena, na sikuchukia.

Tulipofika Bujonde baba alikuwa anatembelea magongo. Aliniuliza kama walikutana. Nilimweleza yote, naye akasema hata yeye hajui hilo lihesabiwe vipi. Mimi pia sijui. Mwalimu wa jiografia atauliza nimejifunza nini, na ninaloweza kumwambia ni kwamba mama yangu aliogopa kuliko mimi, na alisema.

Juzi nilikuwa nafua. Nikasikia migombani kikohozi, mara tatu. Mama aliinuka kama kawaida kuzunguka nyuma ya nyumba. Kabla hajakunja kona akarudi, akachukua kile chungu cheusi cha kuchemshia maharage, akakiweka kizingitini, ndipo akaenda. Babu akaja, akaketi kwenye kigoda akitazama barabara.

"Chungu," alisema, "mgonjwa wetu ameamkaje?"

Kutoka nyuma ya nyumba chungu kikajibu kwamba ameamka vizuri, na chai inakuja. Niliacha kufua nikaenda kuipeleka.