Aliyenifundisha Kutulia

Habari ililetwa Jumatatu na dereva wa kamio la mizigo aliyetoka Kasongo: yule mfanyabiashara wa mchele mwenye baraza karibu na msikiti amefariki, na wamekwisha kumzika. Wasomaji wangu, mmezoea kunisoma nikilalamikia barabara ya Kabambare, leo nivumilieni. Wanasema marehemu hasemwi vibaya, nami sina jema lake la kusema ambalo halinichomi. Sikulia. Nilijikuta nimemkasirikia maiti.

Kabla sijashika kalamu nilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Kasongo. Ambaye hajaifanya kazi hiyo asiione rahisi: mvua inanyesha mpunga ukiwa umeanikwa, bwana wa teritware, mkuu wa wilaya yetu, anataka kuona kibali, na wakulima wamekalia magunia yao wakikutazama wewe. Nilikuwa nikifoka tangu asubuhi, chakula hakipiti, kifua kinabana. Marehemu, ambaye naye alikuwa na mashine yake, ndiye aliyenionea huruma, akaniita niwe nakunywa kahawa kwake kila siku kabla ya kufungua. Wenye biashara wa mji, wa msikitini na sisi wa misheni, tulikuwa na desturi hiyo: mtu anashusha mzigo wa moyo mbele ya mwenzake, na ya barazani huachwa barazani. Siku mkanda wa mashine yangu ulipokatika nilitaka kutimua mbio. Akanishika mkono, akasema nimalize kikombe kwanza, kwa kuwa mkanda uliokwisha kukatika hauwezi kukatika zaidi. Nilicheka. Tangu siku ile nikaanza kupata usingizi, na nilimpenda kwa hilo.

Msimu mmoja mgodi wa Salamabila ulitafuta mtu wa kuwaletea wafanyakazi wake mchele. Kila mwenye mashine alipaswa kupeleka mchele kidogo ndani ya kitambaa, Mzungu wa mgodi auangalie, atafune punje mbili tatu, achague. Mchele wa namna hiyo kwetu hubebwa na mwenyewe. Nikichaguliwa, mashine yangu inapona; nikikosa, naifunga. Nilimweleza marehemu hofu yangu yote, hata mbegu niliyoichagua na shamba ilikotoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ndugu, uko na moyo wa moto,” akaniambia. “Muzungu akikuuliza neno mbili, utamujibu ine. Nenda Kabambare kwa wakwe zako, ulale. Mutu akichoka, biashara yake nayo inachoka. Mchele wako nitaupeleka miye.”

Nikampa kitambaa. Kosa hilo ni langu, sijamsukumia mtu. Kwa wakwe zangu nililala siku tatu usingizi mtamu kabisa, nikarudi mwepesi, nikaliona kamio la mgodi likipita mbele ya mashine yangu na kwenda kusimama kwake. Dereva wa kamio hilo, aliyekuwepo siku ya kuchagua, ndiye aliyenieleza. Marehemu alikifungua kitambaa changu mbele ya Mzungu, akasema mchele ni wake. Alipoulizwa habari zangu, akajibu kwamba mimi ni mgonjwa wa moyo na biashara imenishinda. Maneno niliyomwambia kwa siri ndiyo aliyonizikia.

Nilimwendea nikiwa nimewaka. Akanimiminia kahawa. “Kaa kwanza,” akasema. Nami nikakaa! Mazoea ni kitu kibaya. Nilikunywa kahawa ya mtu aliyeninyang'anya riziki, na kabla msimu haujaisha nilikuwa nimefunga mashine.

Siku hizi kila mwenye duka anahubiriwa utulivu: na padri, na shehe, na bwana wa teritware. Sibishi, maana hasira imefunga maduka mengi kuliko mvua. Ila nimejifunza kumtazama vizuri anayeniambia nitulie, kwa kuwa mara nyingi ni yule ambaye hasira yangu ingemgharimu. Tunajifunza biashara za kizungu, za vibali na mihuri, lakini neno la mtu aliyekuamini halina muhuri, na hatujapata cha kulilinda.

Ijumaa nilikwenda kutoa pole. Nilikwenda nikidhani alikufa ametulia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mjane wake akanisogezea kiti.

“Shemeji, ule mutu alikuwa halali usingizi,” akasema. “Miaka mingi. Kifua kinamubana, anazunguka tu ndani ya nyumba. Nikamuambia, nenda kwa rafiki yako, umueleze. Akanijibu: nikimueleza, naye atanifanyia vile nilimufanyia.”

Nisingemfanyia hivyo, wasomaji wangu, nawaapia. Lakini yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo. Mwenye biashara na autulize moyo wake, ni vema. Ila asiiuze siri ya mwenzake, maana siku atakapoelemewa atatafuta mtu wa kumwambia, na kila atakayemtazama atamwona anafanana na yeye mwenyewe.