Seli Zisizo Ndogo

Siku ya kwanza kazini, katika maabara ya patholojia karibu na Mnazi Mmoja, nilipewa kazi ya kuosha vioo vya darubini. Ufundi wenyewe nilijifunza kwa kuchungulia: kugandisha kinyama cha mgonjwa ndani ya nta, kukikata chembamba kuliko karatasi, kukitia rangi juu ya kioo ili seli zionekane kwa darubini. Sikuwa na cheti, basi niliishi kwa hofu. Kila kioo nilikikagua, nikarudi kukikagua tena.

"Wewe utakagua mpaka mgonjwa azeeke," Daktari Mkuu aliniambia.

Alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Kisutu, mwenye Kiswahili cha sokoni. Kwake nilijua kwamba saratani ya mapafu si moja. Ipo ya seli ndogo, yenye mbio. Mara nyingi ikigunduliwa imeshafika kwenye ini, mifupa au ubongo. Zipo za seli zisizo ndogo, ambazo kwa kawaida huenda polepole. Zikiwahiwa kabla ya kusambaa, mgonjwa hupasuliwa na anaweza kuishi miaka mingi.

Asubuhi moja Bi Somoe, muuza vitenge wa Kariakoo, alikuja dirishani kwetu. Alikuwa ametoka kupewa majibu wodini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nipe kinyama changu nikazikwe nacho. Kupasuliwa sitaki. Wamesema yangu si ndogo."

Nilielewa alichokosea, lakini kumweleza haikuwa kazi ya asiye na cheti. Nikamwita Daktari Mkuu.

"Bi Somoe, ndogo ni seli, siyo ugonjwa," alisema. "Na hiyo ndogo ndiyo yenye mbio."

"Kama umbea?"

"Kama umbea wa Kariakoo. Asubuhi uko kwako, adhuhuri uko kivukoni Magogoni, unapanda pantoni uvuke maji."

"Na zangu?"

"Zako hazijatoka nyumbani. Tunataka kuzitoa kabla hazijajifunza njia."

Bi Somoe akanigeukia. "Na huyu bubu ndiye aliyekata? Una hakika kile ni changu, si cha mwingine?"

Nilikuwa nimekagua mpaka macho yakauma. "Nina hakika, mama."

"Haya. Kaeni nacho. Mimi naenda kupasuliwa."

Tangu hapo Daktari Mkuu aliwataka madaktari wa wodini wamuulize kila mgonjwa ameelewa nini katika majibu yake, kabla hajaondoka.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama ule woga uliniisha. Haukuisha, ila nilijifunza kukiacha kioo kinapokuwa safi. Nikipita Kariakoo, Bi Somoe huwa anaita wateja kwa sauti inayovuka barabara, na mapafu yake yamepunguzwa kipande. Mimi husimama upande wa pili nikamsikiliza kwanza, ndipo nikamwamkia.